Elfu Sabini na Nne Nyumbani: Kisa cha Michael Stanley Band ya Cleveland

Mnamo Agosti 1982, kwa usiku nne wa tarehe 25, 26, 30 na 31, watu 74,404 waliingia Blossom Music Center, uwanja wa muziki ulio karibu na mji wa Cuyahoga Falls katika jimbo la Ohio, Marekani, kwa ajili ya bendi moja ya roki. Blossom ulifunguliwa mwaka 1968 uwe makao ya kiangazi ya orkesta ya Cleveland. Sehemu yake ya mbele ina paa na viti, na nyuma yake kuna mteremko mpana wa nyasi ambapo watu hutandika mablanketi na kulitazama jukwaa likiwa mbali, chini yao. Ukiigawa hesabu hiyo kwa nne unapata watu 18,601 kila usiku. Bendi iliyowaita haikuwa imetoka Uingereza wala California. Ilikuwa Michael Stanley Band, bendi ya watu wa palepale, ambayo hadi siku hizo ilikuwa imeingiza wimbo mmoja tu katika arobaini bora za chati ya taifa, nao uliishia nafasi ya 33.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na methali inakomea hapo. Haituambii mcheza kwao anapata nini akienda kucheza kwa watu. Kisa cha bendi hii kinalijibu swali hilo kwa miaka na tarakimu, ndiyo maana naona kinafaa kuchambuliwa hata na msomaji ambaye hajawahi kuusikia wimbo wao hata mmoja. Mashabiki wa Cleveland wamezoea kukisimulia kama kisa cha dhuluma: bendi nzuri, kampuni za kurekodi zisizojua kazi, bahati mbaya. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ninavyoona mimi, mambo yaliyoujaza mteremko wa Blossom ndiyo hayohayo yaliyoifungia bendi mlango wa nje, na anayeyatazama kwa kuyatenganisha hataelewa kwa nini miaka kumi na miwili ya kazi, watayarishaji bora wa zama zile na kampuni tatu kubwa havikuweza kuivusha.

Tuanze na mji, maana bendi hii haieleweki bila mji wake. Cleveland uko ukingoni mwa Ziwa Erie na ulikua kwa chuma, meli za madini na viwanda vya vipuri vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na wakazi 914,808. Mwaka 1980 walikuwa wamebaki 573,822. Tarehe 22 Juni 1969 mto wake, Cuyahoga, uliwaka moto kwa sababu ya mafuta na taka zilizoelea juu ya maji, na tarehe 15 Desemba 1978 halmashauri ya mji ilishindwa kulipa mikopo ya benki, ukawa mji mkubwa wa kwanza Marekani kufikwa na jambo hilo tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Wachekeshaji wa televisheni nchi nzima walipata mtaji hapo. Mji unaochekwa namna hiyo hukikumbatia chochote kilicho chake na kinachosimama vizuri mbele ya watu, na kwa vijana wa mwishoni mwa miaka ya 1970 waliokuwa wakiona baba zao wakipunguzwa viwandani, kitu hicho kilikuwa bendi.

Tena mji huo ulikuwa na masikio yaliyozoea muziki wa redioni. Hapo ndipo mtangazaji Alan Freed alipoandaa dansi la tarehe 21 Machi 1952 katika ukumbi wa Cleveland Arena, ambalo wengi hulihesabu kuwa onyesho la kwanza la rokenroli, na ambalo lilivunjwa na polisi kwa sababu watu waliofika walizidi uwezo wa ukumbi. Kwa hiyo Cleveland ulikuwa na wasikilizaji, redio na kumbi, na ulikuwa na kinyongo. Aliyekosekana ni mwimbaji wa kwao.

Michael Stanley, ambaye jina lake kamili lilikuwa Michael Stanley Gee, alizaliwa tarehe 25 Machi 1948, akakulia Rocky River, kitongoji cha magharibi mwa mji, na akasoma Chuo cha Hiram kwa ufadhili wa mchezo wa besiboli. Akiwa bado mwanafunzi alipiga katika bendi ya Silk, iliyotoa albamu moja mwaka 1969. Mwaka 1972 na 1973 alitoa albamu mbili kwa jina lake mwenyewe chini ya mtayarishaji Bill Szymczyk, huku Joe Walsh, mpiga gitaa aliyekuwa amejijengea jina hapohapo Cleveland na bendi ya James Gang, akimsaidia. Albamu hizo zilisifiwa kuliko zilivyouzwa. Mwaka 1974 akaunda bendi pamoja na Jonah Koslen kwenye gitaa, Daniel Pecchio kwenye besi na Tommy Dobeck kwenye drams. Baadaye Koslen na Pecchio waliondoka, na kwa nyakati tofauti wakaingia Bob Pelander na Kevin Raleigh kwenye vinanda, Gary Markasky kwenye gitaa, Michael Gismondi kwenye besi na Rick Bell kwenye saksafoni, hata bendi ikafika watu saba.

Muziki wao ulikuwa roki ya katikati ya barabara, ile ambayo redio za Marekani zilikuwa zikiipiga mchana kutwa: gitaa nzito kiasi, kinanda kinachobeba wimbo, saksafoni inayopanda pale maneno yanapoisha, na kiitikio ambacho watu elfu ishirini wanaweza kukiimba bila kufundishwa. Waliimba juu ya kuendesha gari usiku, juu ya mapenzi yaliyovunjika, na juu ya mji ambao mtu anaulalamikia lakini haruhusu mwingine aulalamikie. Waliupiga muziki huo kwa ustadi wa watu waliofanya mazoezi sana. Lakini kwa msikilizaji wa Denver au Atlanta aliyekuwa tayari na waimbaji wa roki ya namna hiyohiyo, Bob Seger na Bruce Springsteen, kwenye rafu yake, ilikuwa vigumu kusema ni kitu gani bendi hii ilikuwa nacho ambacho hakukipata kwao. Nyumbani jibu lilikuwa rahisi: hawa ni wetu. Jibu hilo halisafiri.

Historia yao na kampuni za kurekodi inaweza kusemwa kwa haraka. Epic ilitoa albamu mbili za studio mwaka 1975 na 1976, kisha ile ya mwaka 1977 iliyorekodiwa jukwaani katika klabu ya Agora mjini Cleveland. Arista ilitoa mbili, mwaka 1978 na 1979. EMI America ilitoa nne, moja kila mwaka kuanzia 1980 hadi 1983. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni nani walikaa nyuma ya kioo cha studio. Szymczyk, aliyeanza nao, ndiye aliyeitayarisha albamu maarufu kuliko zote ya bendi ya Eagles. Robert John Lange, aliyewatayarishia albamu ya mwaka 1978, mwaka uliofuata aliichukua bendi ya AC/DC na kuifikisha ilikokuwa haijafika. Eddie Kramer, fundi wa sauti wa mpiga gitaa Jimi Hendrix, alishika albamu ya mwaka 1981. Don Gehman alishika ile ya mwaka 1982, mwaka uleule ambao albamu aliyomtayarishia John Cougar Mellencamp, mwana wa jimbo jirani la Indiana, ilipanda hadi namba moja ya taifa. Bob Clearmountain akashika ya mwaka 1983. Mtu akisema bendi hii iliangushwa na studio mbovu, orodha hii inamkanusha. Mikono ileile iliyowatoa wenzao iliwagusa nao pia, na haikuwatoa.

Kubadilisha kampuni ndiko kulikoumiza kwa namna isiyoonekana. Wakati ule wimbo ulifika redioni kwa miguu ya watu: kila kampuni ilikuwa na maofisa wa mikoani waliopita kituo hadi kituo wakiwashawishi wakurugenzi wa muziki, na uhusiano huo ulichukua miaka kujengwa. Bendi inapohamia kampuni nyingine, afisa wa Dallas aliyekwisha kuikariri hadithi yao anaitupa, na yule mpya anaanza na bendi ambayo mteja wake anaijua kama iliyokwisha kushindwa kwingine. Kufanyiwa hivyo mara mbili katika miaka mitano kunatosha kuichosha bendi yoyote ile.

Sasa tuitazame hesabu, maana ndipo mji na kampuni vilipokuwa havielewani. Tarehe 20 Julai 1979 bendi ilijaza Richfield Coliseum kwa watu 20,320, rekodi ya ukumbi huo. Coliseum lilikuwa jengo kubwa la zege lililofunguliwa mwaka 1974 katikati ya mashamba, njiani baina ya Cleveland na Akron, kwa matumaini kwamba miji hiyo miwili ingekua hadi ikutane hapo. Haikukutana, na kila onyesho kubwa lilikuwa na foleni ya magari iliyojaza barabara nyembamba za vijijini pande zote. Mtu aliyekaa kwenye foleni ile ya Julai, akaona sahani za namba za Ohio tupu mbele na nyuma yake, angeapa kwamba anakwenda kuwasikiliza wanamuziki wakubwa wa dunia. Mwaka huohuo, baada ya albamu ya pili, bendi ikajikuta haina mkataba na Arista.

Jambo hilo linaonekana kama wazimu hadi uchukue kalamu. Albamu ya dhahabu Marekani ni nakala 500,000. Tuseme kila mmoja wa wale 74,404 wa Blossom alinunua albamu, jambo ambalo haliwezekani kwa kuwa wengi wao walikuja zaidi ya usiku mmoja: hiyo ni chini ya asilimia 15 ya njia ya kuelekea dhahabu. Mji mzima unaweza kusimama juu ya viti na bado mhasibu wa New York asione kitu. Chati nayo ilifanya kazi kwa mantiki ileile, kwani ilikusanya taarifa za maduka na redio za nchi nzima katika juma moja, na wimbo ulioongoza Cleveland lakini usiosikika Houston, Seattle wala Boston ulihesabiwa kama wimbo wa kawaida tu. Tiketi hupima kina cha mapenzi mahali pamoja. Chati hupima upana wake. Bendi ilikuwa na kina kisicho cha kawaida.

Kina hicho kilichimbwa na redio. Kituo cha WMMS, kilichorusha matangazo katika masafa ya 100.7, kilikuwa na nguvu ambayo ni vigumu kumweleza mtu wa leo anayesikiliza muziki kwa simu. Watangazaji wake, Kid Leo akiwa mbele, walichagua wenyewe nyimbo za kupiga, na walichokipenda kilikuwa sheria kuanzia maegesho ya shule hadi karakana. Ni wao walioshikilia bango la Springsteen kabla miji mingi haijamfahamu, hata akaja Agora tarehe 9 Agosti 1978 kuadhimisha miaka kumi ya kituo, onyesho likarushwa moja kwa moja. Kwa Michael Stanley Band, WMMS ilikuwa zaidi ya rafiki. Albamu mpya ilipotoka, haikupigwa wimbo mmoja tu. Zilipigwa nyingi, na kijana wa vitongoji vya Parma au Lakewood alizijua zote kabla ya kuingia dukani. (Kituo hicho kilipenda ukubwa wake kupita kiasi, tukumbuke. Kilishinda kura ya wasomaji wa jarida la Rolling Stone kama kituo bora cha redio miaka tisa mfululizo, hadi gazeti la Plain Dealer lilipoandika mwaka 1988 kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakijaza kura wenyewe. Hata hivyo, watu waliojaza Coliseum hawakuwa wa karatasi.)

Lakini redio iliyo huru kuwapenda wa kwao mjini Cleveland ina maana kwamba redio ya kila mji mwingine nayo iko huru kuwapenda wake. Pittsburgh ulikuwa na Donnie Iris, Detroit na Seger, Champaign kule Illinois na REO Speedwagon. Halafu, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970, uhuru wenyewe ulianza kubanwa. Washauri wa redio, mashuhuri wao akiwa Lee Abrams, waliuza kwa vituo vingi mpango mmoja wa nyimbo uliotegemea utafiti wa wasikilizaji, ambamo majina makubwa yalirudiwa na yasiyojulikana yaliondolewa. Bendi iliyokuwa maarufu katika mji mmoja haikuwa na pa kuingilia katika orodha hiyo. Kuchelewa kuvuka miaka mitatu au minne kulikuwa kukuta daraja limekwisha kuinuliwa.

Hapa ndipo Bob Seger anapotufaa kuliko mfano mwingine wowote, kwa sababu alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule na akapona. Seger alikuwa amerekodi tangu miaka ya 1960 na alikuwa mfalme wa Detroit asiyejulikana kwingine. Mnamo Juni 1976 alipiga mbele ya watu karibu 80,000 katika uwanja wa Pontiac Silverdome. Usiku uliofuata, Chicago, waliomsikiliza hawakufika elfu moja. Mwendo wa saa tano kwa gari ulimtoa katika utukufu ukamweka katika ukumbi nusu mtupu. Lakini mwaka huohuo albamu yake iliyorekodiwa jukwaani Detroit ilianza kuuzika nje, kwa kuwa iliwasikilizisha watu wa mbali kelele za mashabiki ambao hawakujua wapo, na kabla ya mwaka kwisha akatoa albamu ya studio iliyokuwa na wimbo mmoja ambao hakuna redio iliyoweza kuukataa. Kelele ziliufungua mlango, na wimbo ukapita.

Michael Stanley Band walilifuata somo hilo karibu hatua kwa hatua. Albamu ya Agora ya mwaka 1977 ilikuwa jaribio la kulifunga joto la nyumbani ndani ya plastiki na kulipeleka mikoani. Ukiisikiliza leo bado unasikia ukumbi mdogo unaotaka kupasuka, na wengi huihesabu kuwa kazi yao bora; mimi pia nakubaliana nao. Kilichokosekana ni hatua ya pili. Koslen, mmoja wa watunzi wawili wakuu, aliondoka mwaka huohuo, kampuni ikabadilika, na albamu iliyofuata haikuwa na ule wimbo usiokatalika. REO Speedwagon, ambao pia walitoa albamu ya jukwaani mwaka 1977, walihitaji miaka mitatu zaidi kuupata wao, lakini wakati wote huo walikuwa na kampuni ileile iliyoanza nao. Kampuni hiyo ilikuwa Epic, ileile iliyokuwa na Michael Stanley Band. Sidhani kwamba Epic ingefanya muujiza. Nasema tu kwamba mmoja alipewa muda na mwingine hakupewa, na kwamba uamuzi huo ulifanywa kabla yeyote hajajua nani angeutumia vizuri.

Wimbo wao ulikuja hatimaye mwaka 1980, katika albamu ya kwanza chini ya EMI America. “He Can't Love You” ulitungwa na kuimbwa na Kevin Raleigh, na saksafoni yake ilipulizwa na Clarence Clemons wa bendi ya Springsteen. Mwanzoni mwa mwaka 1981 ulifika nafasi ya 33. Sentensi hizo mbili zina matatizo mawili yaliyojificha. La kwanza ni kwamba wimbo uliowafikisha mbali zaidi ulikuwa na sauti ya mtu ambaye hakuwa Michael Stanley, hivyo msikilizaji wa mbali aliyeupenda na kwenda kuitafuta bendi alikuta jina la mwingine na, katika nyimbo nyingi, sauti ya mwingine. La pili ni kwamba sehemu ya wimbo iliyomkaa mtu masikioni ilikuwa pumzi ya mwanamuziki ambaye kila shabiki wa roki alimtambua kuwa wa Springsteen. Bendi iliyokuwa ikituhumiwa kufanana na mkubwa wake ilijulishwa kwa taifa kwa saksafoni ya huyohuyo mkubwa.

Tatizo la tatu lilikuwa kalenda. Walitengeneza video ya wimbo huo wakati bendi nyingi za Marekani hazikuona sababu ya kutengeneza video. Runinga ya MTV ilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 1981, ikiwa na kanda chache za kuonyesha, video hiyo ilikuwa ya 47 kuonyeshwa siku hiyo ya kwanza. Wakati huo wimbo ulikuwa umeshuka chati miezi kadhaa nyuma, na MTV yenyewe ilionekana katika nyumba chache zenye kebo. Walifika sokoni na bidhaa sahihi kabla ya soko kufunguliwa, na soko lilipochangamka, mwaka 1983, wateja walikuwa wanataka sura za vijana wa Uingereza wenye nywele za rangi. Albamu yao ya mwaka huo ilipewa jina linalokiri kwamba mtu hawezi kupigana na mitindo, na huo ulikuwa mzaha wenye uchungu.

Hata hivyo ndiyo albamu iliyokuwa na “My Town”, ambao ulifika nafasi ya 39, ukawa wimbo wao wa pili na wa mwisho kuingia arobaini bora. Ni wimbo wa kuusifu mji wa mtu, na Cleveland waliuchukua kama wimbo wa taifa wakaanza kuupiga katika michezo na sherehe. Mwandishi wa kibiashara angefurahia: kila mji una watu wanaoupenda. Lakini watu wa kila mji pia hujua wimbo unapokuwa wa mji mwingine. EMI America ikawaacha, na kuanzia hapo wakatoa kazi zao wenyewe, zikinunuliwa na walewale.

Kuna swali ambalo mashabiki hawapendi kuulizwa: kwa nini hawakuhama? Kwa nini wasiende Los Angeles, kama Joe Walsh alivyofanya? Sehemu ya jibu iko katika yale mausiku ya Coliseum. Tarehe 31 Desemba 1981 na 1 Januari 1982 waliingiza watu 40,529 kwa maonyesho mawili, na meneja wao, Mike Belkin, pamoja na nduguye Jules, ndio waliokuwa mapromota wakubwa wa maonyesho katika mji huo. Mtu aliyesimamia bendi na mtu aliyeuza tiketi za nyumbani walikula meza moja. Simlaumu yeyote kwa hilo, kwani bila Belkin huenda kusingekuwa na bendi ya kuzungumzia, lakini lazima tuone mvuto wake ulikuwa wa upande gani. Watu saba wenye familia, mafundi na magari ya vyombo waliweza kulipwa kwa mausiku machache makubwa ya nyumbani kwa mwaka, na fedha hizo ndizo zilizogharamia majuma ya kuendesha gari kwenda kutangulia jukwaani kabla ya bendi nyingine katika miji ambayo nusu ya watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao. Nyumbani kuliwalisha ili waweze kwenda nje, na kila waliporudi kuliwakumbusha kwamba nje si lazima. Seger, kwa kulinganisha, alikuwa akitembeza muziki wake mbali na Detroit miaka mingi huku nyumbani kukiwa hakumtoshi. Aliyelala njaa huamka mapema.

Bendi ilifunga kazi kwa maonyesho 12 katika Front Row Theater, kitongoji cha Highland Heights, katika sikukuu za mwisho wa mwaka 1986 na mwanzo wa 1987. Ukumbi huo ulikuwa wa duara, jukwaa likiwa katikati na likizunguka polepole, kwa hiyo katika usiku mmoja kila mtu aliyekaa aliwaona wanamuziki kwa mbele, kwa ubavu na kwa mgongo. Ni ukumbi mdogo sana ukiulinganisha na Coliseum. Walichagua kurudia usiku baada ya usiku mahali ambapo uso wa msikilizaji unaonekana, badala ya kujaza jengo kubwa mara moja. Coliseum lenyewe lilibomolewa mwaka 1999, na eneo lake sasa ni nyasi ndani ya hifadhi ya taifa ya Bonde la Cuyahoga.

Michael Stanley hakuondoka mjini. Kwa miaka michache alitangaza kipindi cha jioni katika televisheni ya Cleveland, kisha mwaka 1990 akaingia redio ya WNCX, masafa ya 98.5, kituo cha roki ya zamani, akashika zamu ya alasiri wakati watu wanatoka kazini. Aliishika kwa miaka thelathini, huku akirekodi albamu nyingi kwa fedha zake na kupiga maonyesho yaliyojaa kila mwaka, na mji ukakipa kipande cha barabara ya Huron Road jina lake kwa heshima. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 5 Machi 2021, akiwa na miaka 72, majuma machache tu baada ya kuiacha zamu yake.

Katika miaka hiyo yote kazi yake ya kila siku ilikuwa kuziweka hewani rekodi za watu waliomtangulia mlangoni: Seger, Springsteen, Eagles, Mellencamp, Walsh. Vituo vya roki ya zamani Marekani hupiga karibu nyimbo zilezile kutoka pwani hadi pwani, na za Michael Stanley Band hazimo katika orodha hiyo. Katika masafa ya 98.5 zilikuwemo. Baada ya Seger zilifuata zao, bila maelezo, na dereva aliyekwama kwenye foleni ya kuelekea Parma aliimba zote mbili.